Wigo, Mazingira na Kioo: Juu ya Istilahi za Lugha za Kompyuta Zijitazamazo

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jambo moja la taaluma ya kompyuta ambalo, kwa maoni yetu, limekuwa likifasiriwa vibaya katika Kiswahili, na kupendekeza istilahi zitakazolieleza sawasawa. Jambo lenyewe ni jinsi programu inavyoweza kuulizwa, au kujiuliza yenyewe, ni majina gani yanayotambulika mahali fulani ndani yake, na kila jina lina maana gani mahali hapo.

Huenda msomaji asiyekuwa mtaalamu wa kompyuta akadhani kwamba hilo ni shauri la mafundi peke yao. Sivyo. Swali la jina na mahali linapotambulika ni swali la lugha kabla ya kuwa swali la mashine, na mfasiri anayelikosea humpotosha mwanafunzi kwa namna ambayo hata mwalimu hodari ataona taabu kuirekebisha. Katika rasimu moja ya mafunzo tuliyopata kuisoma, kanuni hiyo ya majina iliitwa “mawanda ya kimsamiati”. Sababu ya kosa hilo ni rahisi kuiona. Kivumishi cha Kiingereza kinachotumika hapo kinatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya neno au usemi, na katika isimu sisi hukifasiri kwa kawaida kuwa “cha kimsamiati”. Lakini kanuni tunayoizungumzia haihusu msamiati hata kidogo. Inahusu mahali jina lilipoandikwa katika matini ya programu. Mwanafunzi aliyeambiwa “kimsamiati” atakwenda kutafuta orodha ya maneno, wala hataiona popote.

Hivyo basi, tutaanza kwa kulieleza jambo lenyewe, kisha tutazame jinsi lugha mbalimbali za kompyuta zinavyoliwakilisha, na mwisho tupime maneno yanayofaa.

2. Barua ya mjomba

Tuchukue mfano wa nyumbani. Bwana mmoja wa Pangani ameandika maagizo katika karatasi: “Mpeni mjomba magunia mawili ya mpunga.” Karatasi hiyo inachukuliwa na tarishi hadi Tabora, nako inasomwa katika nyumba ya mfanyabiashara, ili maagizo yatekelezwe. Nyumba ya Pangani ina mjomba wake. Nyumba ya Tabora nayo ina mjomba wake. Je, magunia apewe nani?

Zipo kanuni mbili ziwezazo kutumika. Ya kwanza yasema: mjomba ni yule wa nyumba ambamo karatasi iliandikwa. Kwa kanuni hii, karatasi ikisomwa Tabora, Kigoma au Mombasa, mjomba ni yule yule wa Pangani, na yeyote anayeijua nyumba ya Pangani anaweza kujua nani atapata mpunga hata kabla tarishi hajaondoka. Kanuni ya pili yasema: mjomba ni yule wa nyumba ambamo karatasi inasomwa. Kwa kanuni hii, karatasi moja itawapa mpunga watu mbalimbali kadiri inavyozungushwa, na mwandishi wake hawezi kujua mapema ni nani watakaofaidika.

Hizo ndizo kanuni mbili zinazoshindana katika historia ya lugha za kompyuta. Ya kwanza tutaiita kanuni ya wigo wa matini, kwa kuwa maana ya jina huamuliwa na mahali lilipoandikwa. Ya pili tutaiita kanuni ya wigo wa mwito, kwa kuwa maana huamuliwa na yule aliyeiita sehemu hiyo ya programu ifanye kazi wakati huo.

Watumishi wa serikali wanaijua kanuni ya kwanza, ingawa labda hawajapata kuipa jina. Tangu Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, iliporekebishwa mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria za Tanzania, na waandishi wa sheria hukutana na jambo hili kila siku. Kifungu cha tafsiri huanza kwa maneno “Katika Sheria hii”, na maana zitolewazo hapo hutawala Sheria nzima. Lakini Sehemu mojawapo yaweza kuwa na tafsiri yake, ianzayo kwa maneno “Katika Sehemu hii”, na neno lile lile likapata maana nyingine humo ndani. Msomaji akifika kwenye neno, hutazama kwanza Sehemu iliyolizunguka. Asipoona tafsiri, hutoka nje akatazama Sheria nzima. Asipoona, hutoka nje zaidi. Maana ya ndani huifunika ya nje, wala haiifuti, kwa kuwa tukitoka katika Sehemu hiyo maana ya kwanza inarudi kama ilivyokuwa. Programu zilizo nyingi leo husomwa kwa utaratibu huo huo.

3. Historia kwa ufupi

Utaratibu wa nyigo zilizomo ndani ya nyigo ulielezwa wazi katika ripoti ya lugha ya ALGOL 60, iliyotolewa mwaka 1960. Katika lugha hiyo fungu la maagizo huanzwa na kumalizwa kwa maneno maalumu, na kila fungu laweza kutangaza majina yake, ambayo hayatambuliki nje ya fungu hilo.

Wakati huo huo, John McCarthy na wenzake walikuwa wakiitengeneza lugha ya LISP huko Marekani, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1960. LISP ya mwanzo ilifuata kanuni ya mwito, na haikuwa kwa kukusudiwa. McCarthy mwenyewe alieleza mwaka 1978 kwamba tatizo lilipojitokeza alilidhania kuwa kosa dogo tu la utekelezaji litakalorekebishwa upesi. Halikuwa dogo. Ilipasa kungojea hadi mwaka 1975, Gerald Jay Sussman na Guy Steele walipotoa lugha ya Scheme, ndipo jamii ya LISP ikapata lugha iliyoshika kanuni ya matini kikamilifu. Na mwaka 1984 Common Lisp ikaifanya kuwa kanuni ya kawaida.

Tofauti ya kanuni hizo yaweza kuonyeshwa kwa mistari mitatu. Neno “kitendakazi” tunalitumia kwa maana ya fungu la maagizo lenye jina, liwezalo kuitwa likafanya kazi na kurudisha jibu. Na “kigeu” ni jina lenye thamani iwezayo kubadilika.

Weka x = 1.
Kitendakazi soma: rudisha x.
Kitendakazi andaa: weka kigeu cha ndani x = 2, kisha ita soma.

Tukiita andaa, jibu ni nini? Kwa kanuni ya matini jibu ni 1, kwa kuwa soma imeandikwa mahali ambapo x ya nje ndiyo iliyoizunguka. Kwa kanuni ya mwito jibu ni 2, kwa kuwa aliyeiita soma ni andaa, naye ana x yake. Mwalimu akiwapa wanafunzi wake mistari hii mitatu kabla ya istilahi yoyote, atakuwa amekwisha nusu ya kazi.

4. Wigo si mazingira

Hapa yatupasa kutenganisha mambo mawili ambayo wafasiri wengi huyachanganya. Wigo ni mahali katika matini. Upo hata kama programu haijapata kuendeshwa. Waweza kuchorwa kwa kalamu katika karatasi. Mazingira ni yale yatokeayo programu inapoendeshwa, yaani majina pamoja na thamani zake za wakati huo.

Wigo mmoja waweza kuzaa mazingira mengi. Tuseme kitendakazi tengeneza kina kigeu hesabu kilichowekwa sifuri, na ndani yake mna kitendakazi kingine, ongeza, ambacho huongeza moja katika hesabu na kurudisha jumla. Kila tengeneza inapoitwa huturudishia ongeza moja. Tukiita tengeneza mara mbili, tutapata ongeza mbili, kila moja ikiwa na hesabu yake. Tukiita ya kwanza mara tano, itasema 5. Ya pili, ambayo haijaguswa, ikiitwa mara moja itasema 1. Wigo ni mmoja, kwa sababu matini ni moja. Mazingira ni mawili, kwa sababu miito ni miwili.

Kitendakazi kilichobeba mazingira ya mahali kilipozaliwa kina jina lake katika taaluma. Peter Landin ndiye aliyelieleza wazo hilo katika makala yake ya mwaka 1964. Kiswahili kikilitafsiri jina la Kiingereza neno kwa neno, tutapata “ufungaji”, nalo halielezi kitu. Sisi tunapendekeza “kifumbato”, kutokana na kitenzi fumbata, yaani kushika kitu ndani ya kiganja kilichokunjwa. Ongeza imeifumbata hesabu yake. Imeondoka nyumbani nayo.

5. Programu inapojitazama

Sasa tufikie kiini cha makala. Lugha nyingi za kompyuta huiwezesha programu kuuliza habari zake yenyewe: ina vitendakazi gani, vigeu gani, na vya aina gani. Uwezo huo ulichunguzwa kwa kina na Brian Cantwell Smith katika tasnifu yake ya mwaka 1982, ambamo alionyesha lugha iwezayo kuutazama mwenendo wake na pia kuubadili. Sehemu ya lugha inayoutoa uwezo huo kwa watumiaji ndiyo tutakayoiita kiolesura cha ujiakisi.

Wasanifu wa lugha wameona kuwa ni kazi rahisi kiasi kuakisi vitu vyenye majina ya hadharani. Java ilipata kiolesura chake mwaka 1997, nacho huonyesha madarasa ya vitu pamoja na sehemu zake na vitendakazi vyake. Lakini vigeu vya ndani ya kitendakazi havionyeshi. Huo si usahaulifu. Kuuakisi wigo ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa kila msanifu hulazimika kujibu maswali matatu, na majibu yake hutofautiana.

Swali la kwanza: kioo kionyeshe nakala au kiwe dirisha? Lugha ya Python ina kitendakazi kiitwacho “locals”, ambacho hurudisha kamusi ya majina ya mahali hapo na thamani zake. Kwa miaka mingi tabia ya kamusi hiyo ilikuwa ya kutatanisha. Nje ya vitendakazi, mtu akiandika ndani ya kamusi alikuwa amekibadili kigeu chenyewe. Ndani ya kitendakazi, aliandika katika kamusi ambayo kigeu hakiisikii, na alipoita “locals” tena, maandishi yake yaliweza kufutwa. Yaani neno moja lilikuwa nakala mahali pamoja na dirisha mahali pengine. Jambo hilo lilirekebishwa katika toleo la 3.13, lililotolewa mwaka 2024. Sasa “locals” ndani ya kitendakazi hutoa nakala mpya kila inapoitwa, na atakaye kubadili kigeu chenyewe hana budi kupitia kitu kingine, yaani fremu ya mwito, ambayo ndiyo dirisha. Lugha ya Ruby ilichagua dirisha tangu mapema: programu yaweza kuyashika mazingira ya mahali fulani kama kitu kimoja, na tangu toleo la 2.1 la mwaka 2013 kitu hicho huweza kuulizwa thamani ya kigeu cha ndani kwa jina lake, au kuagizwa kuibadili.

Mfasiri na azingatie hapa. Vitabu vya Kiingereza huweza kusema kwamba kitendakazi fulani “hurudisha vigeu vya ndani”. Sentensi hiyo ikifasiriwa jinsi ilivyo, msomaji hatajua kama amepewa nakala au dirisha, na makosa yatokanayo na kutojua hilo si madogo: mtu ataandika thamani mpya, ataamini kuwa imeshika, na programu itaendelea na ile ya zamani. Kiswahili hakilazimiki kuurithi utata huo. Mfasiri aulize kwanza, kisha aandike “hurudisha nakala ya vigeu” au “hufungua dirisha la vigeu”.

Swali la pili: kioo kifuate njia ipi kinapotoka nje? Mazingira yoyote yana majirani wawili. Yupo aliyeyazunguka kwa matini, na yupo aliyeyaita. Lugha ya R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko New Zealand, hufuata kanuni ya matini kwa mfano wa Scheme, nayo huyaweka mazingira wazi kabisa, hata yakawa kitu cha kawaida ambacho programu hukishika na kukichunguza. Humo mna vitendakazi viwili. Kimoja, “parent.env”, hutoa mazingira yaliyozunguka kwa matini. Cha pili, “parent.frame”, hutoa mazingira ya mwitaji. Majina yote mawili yanatumia neno la Kiingereza lenye maana ya mzazi.

Tafsiri ya neno kwa neno itatupa “mazingira mzazi” na “fremu mzazi”, na mwanafunzi ataamini kwamba ni ukoo mmoja. Kumbe mmoja ni nyumba ya Pangani ilikoandikwa barua, na wa pili ni nyumba ya Tabora inakosomwa. Akichanganya, programu yake itampa mpunga mjomba asiyehusika, tena kimya kimya, bila mashine kutoa onyo lolote. Aidha, neno “mzazi” limekwisha kutumiwa na wafasiri kwa maana ya tatu, yaani darasa la vitu ambalo madarasa mengine hurithi kwalo. Mzigo huo ni mzito mno kwa neno moja. Watengenezaji wa Smalltalk-80 waliuona utofauti huu mapema: katika lugha yao, fungu la maagizo lililobebwa mbali na mahali lilipoandikwa lina kumbukumbu mbili zenye majina mawili tofauti, moja ikielekeza kwa mwitaji na ya pili ikiitwa “nyumbani”. Jina hilo la pili linaingia katika Kiswahili bila taabu yoyote.

Swali la tatu: kioo kionyeshe majina yote yaliyomo katika wigo, au yale tu yaliyobebwa? Katika Python, kitendakazi cha ndani hufumbata vile vigeu vya nje tu ambavyo kimevitaja. Wigo wa nje ukiwa na majina kumi, nacho kimetaja mawili, kioo kitaonyesha mawili. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kitendakazi “kinauona wigo wote wa nje” atastaajabu kukuta majina manane hayamo. Yeye hakukosea, matini yanamruhusu kuyaona yote kumi. Lakini kifumbato hubeba kinachohitajiwa tu, kama msafiri afungavyo vyombo vya njiani, asiihamishe nyumba nzima. Ndiyo sababu lugha hiyo ina vioo viwili: kimoja cha kuuchunguza wigo kutoka katika matini bila kuiendesha programu, na kingine cha kuyatazama mazingira inapoendeshwa. Bila kutofautisha wigo na mazingira, hata tofauti ya vioo hivyo viwili haielezeki.

6. Gharama na siri

Msomaji aweza kuuliza: kama kioo chafaa, kwa nini lugha zote zisiwe nacho kikamilifu? Zipo sababu mbili.

Ya kwanza ni gharama. Kompaila, yaani programu inayoigeuza matini kuwa maagizo ya mashine, hutafuta njia ya mkato popote iwezekanapo. Kigeu kisichohitajiwa tena huondolewa; majina yenyewe hutupwa, zikabaki nafasi za kumbukumbu tu. Lakini ikiwa programu yaruhusiwa kuuliza wakati wowote “ni majina gani yaliyo hapa?”, basi kompaila haiwezi kutupa kitu, maana haijui kitakachoulizwa kesho. Katika JavaScript lipo agizo liwezalo kupokea matini mapya na kuyaendesha papo hapo ndani ya wigo uliopo, na mahali lilipotumika mashine hulazimika kuhifadhi vigeu vyote vilivyozunguka, kwa kuwa matini hayo mapya yaweza kumtaja yeyote.

Ya pili ni siri. Kanuni ya wigo wa matini ni ukuta vilevile. Hesabu iliyofumbatwa na ongeza haiwezi kuguswa na mtu wa nje ila kwa kuiita ongeza, na waandishi wengi wa programu hutegemea ukuta huo kuficha nywila na mambo mengine ya siri. Kioo kikiwekwa wazi kwa kila apitaye, ukuta ni wa jina tu. Katika Python, yeyote aliyekishika kifumbato aweza kuisoma thamani iliyomo, na tangu toleo la 3.7 la mwaka 2018 aweza pia kuibadili. JavaScript imechukua njia nyingine: lugha yenyewe haitoi njia ya kuchungulia ndani ya kifumbato, ni chombo cha kusakia makosa tu, kilicho nje ya programu, kinachoweza kuonyesha wigo baada ya wigo.

Kuhusu suala hili Gilad Bracha na David Ungar waliandika makala mashuhuri mwaka 2004, wakipendekeza kwamba uwezo wa kuakisi usiwekwe ndani ya kila kitu, bali utolewe na vitu maalumu vilivyo pembeni, walivyoviita vioo. Aliyepewa kioo ataona, asiyepewa hataona, na programu isiyohitaji vioo yaweza kuendeshwa bila kuvibeba. Walidai pia kwamba muundo wa kioo ulingane na muundo wa lugha inayoakisiwa. Kwa mada yetu, dai hilo lina maana dhahiri: ikiwa lugha ina nyigo zilizomo ndani ya nyigo, kioo kinachoonyesha orodha moja bapa ya majina ni kioo kibovu, kwa sababu hakiwezi kuonyesha kwamba x ya ndani imeifunika x ya nje, na kwamba ile ya nje ingali hai.

7. Kupima maneno

Ni kanuni iliyozoeleka miongoni mwa wanaistilahi wetu kwamba neno jipya litafutwe kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, na mwisho katika lugha za kigeni. Kwa dhana zilizoelezwa hapo juu, tumeona kwamba Kiswahili chenyewe kinatosha kwa sehemu kubwa.

Kwa dhana ya kwanza maneno matatu yamekuwa yakitumika: upeo, mawanda na wigo. Upeo ni mwisho wa macho yanapoweza kuona. Hupimwa kutoka kwa mtazamaji, naye akihama upeo nao huhama. Neno hilo laelekea zaidi kwenye kanuni ya mwito kuliko ya matini, kwa hiyo halifai kuwa la jumla. Mawanda hueleza upana wa jambo, kama tusemapo mawanda ya utafiti, lakini mawanda hayana ukingo unaoonekana, wala si rahisi kusema kwamba mawanda haya yamo ndani ya yale na yameyafunika. Wigo ni ua au boma lililozungushwa. Una ndani na nje. Waweza kujengwa ndani ya wigo mwingine. Husimama mahali pamoja. Aidha, tumekwisha zoea kusema “kupanua wigo” kwa maana ya kitamathali. Tunakubali kwamba lipo neno jingine lenye umbo hilo hilo, litokanalo na kitenzi iga, lakini muktadha wa kompyuta hauwezi kuyachanganya.

Kwa dhana ya kujitazama, wapo wanaopendekeza “tafakuri”. Tafakuri ni kazi ya mwenye akili, na mashine haitafakari. Wengine hutumia “uakisi”, ambalo fizikia imekwisha kulichukua kwa habari za mwanga. Hata hivyo taswira ya kioo ndiyo hasa iliyokusudiwa na wataalamu, na Kiswahili kina kiambishi kirejeshi kiwezacho kuondoa utata: mwanga huakisiwa, bali programu hujiakisi. Kwa hiyo tumechagua “ujiakisi”. Mtu mbele ya kioo hujitazama, na akiona kilemba kimekaa upande hukirekebisha. Maana zote mbili za dhana hiyo, kuona na kubadili, zimo.

Orodha ya mapendekezo ni hii:

wigo: sehemu ya matini ya programu ambamo jina lina maana fulani.
wigo wa matini: kanuni ya kuamua maana ya jina kwa mahali lilipoandikwa.
wigo wa mwito: kanuni ya kuamua maana ya jina kwa mfuatano wa walioita.
fungamano: uhusiano wa jina na thamani yake.
mazingira: mafungamano yaliyopo wakati programu inaendeshwa.
mazingira ya nje, au nyumbani: mazingira yaliyoyazunguka mengine kwa matini.
mazingira ya mwitaji: mazingira ya yule aliyeita.
fremu ya mwito: kumbukumbu ya mwito mmoja unaoendelea.
kufunika: jina la ndani kulizuia la nje lisionekane bila kulifuta.
kifumbato: kitendakazi pamoja na mazingira kilichoyabeba.
ujiakisi: uwezo wa programu kujitazama na kujirekebisha.
kioo: kitu kinachotoa uwezo huo kwa aliyekabidhiwa.
nakala na dirisha: namna mbili za kioo, ya kwanza isiyogusa asili, ya pili inayoigusa.

8. Hitimisho

Hatudai kwamba maneno haya yote yatakubaliwa. “Kifumbato” ni geni, na “ujiakisi” laweza kuwatatiza wengine ulimini. Lakini tunasisitiza mambo mawili ambayo hayategemei uchaguzi wa neno. La kwanza, “kimsamiati” liondolewe katika mada hii, kwa sababu linasema jambo ambalo si kweli. La pili, wigo na mazingira yasipewe jina moja, wala aliyezunguka na aliyeita wasiitwe wote “mzazi”. Mwalimu aliyeshika tofauti hizo ataweza kufundisha hata kwa istilahi asizozipenda. Asiyezishika hataokolewa na istilahi nzuri.

Tunawaomba wafasiri na walimu watakaoyajaribu maneno haya darasani waangalie ni lipi wanafunzi wanalolitumia wenyewe pasipo kulazimishwa, na ni lipi wanalolikwepa. Hukumu ya watumiaji ndiyo itakayotuambia kama barua imemfikia mjomba aliyekusudiwa.